Kitufe Kilichochakaa

Siku Pindo alipohamia kwa mumewe alikabidhiwa funguo zote, akaonyeshwa bomba linalovuja na dirisha lisilofunga sawasawa, akaambiwa nyumba ni yake, afanye atakavyo. Kisha yule bwana, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti, akasimama mbele ya redio kubwa ya sebuleni na kukuna kisogo.

"Nina ombi moja tu," alisema. "Hii usiizime."

"Hata tukienda kulala?"

"Hata tukienda kulala. Ni ya zamani. Ukiizima leo, kesho inaweza kugoma kuwaka."

Pindo akakubali. Mwanamke anayeolewa akiwa na mvi mbili tatu hagombani na mtu kwa ajili ya redio. Ilikuwa amplifaya nzito ya chuma, imekaa juu ya kabati katikati ya spika mbili za mbao zilizomfika kiunoni, na juu yake kulikuwa na kidude cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni, chenye taa nyeupe. Kidude hicho, Fundi alieleza, hakikuhitaji kaseti wala sahani. Kilivuta muziki kutoka kwenye intaneti ya nyumbani na kuupitisha kwenye amplifaya, na simu ndiyo iliyokiamuru kipige wimbo gani. Pindo alingoja aonyeshwe. Fundi akasema atamwonyesha siku nyingine, akaenda kuangalia bomba.

Siku nyingine haikufika. Miezi ilipita, taa nyeupe ikiwaka mchana kutwa na usiku kucha, na hakuna aliyepiga hata wimbo mmoja. Fundi alirudi jioni na ovaroli yake yenye grisi, akaoga, akala, akapiga soga kidogo, akasinzia kitini. "Nimezoea kimya," alijibu Pindo alipouliza, na jibu hilo lilikuwa la ajabu. Mke wake wa kwanza, aliyefariki, alikuwa akiitwa Chiriku, na hakuitwa hivyo bure. Walisema alizungumza na wageni, alizungumza na sufuria, alizungumza na mvua ikinyesha. Mtu aliyeishi na mke wa namna hiyo atazoeaje kimya?

Nyumba ile ilikuwa na wifi wa aina mbili. Kulikuwa na ile ya intaneti, ya ukutani, yenye taa zake za kijani, ambayo haikuwa na neno na mtu. Na kulikuwa na dada yake Fundi, aliyekuja kila Jumapili na kujifungulia mlango kwa ufunguo wake mwenyewe. "Karibu, wifi yangu," alikuwa akimwambia Pindo, ndani ya nyumba ya Pindo, akimwonyesha kiti cha Pindo. "Karibu ukae." Na Pindo, ambaye ulimi wake ulikuwa mzito tangu utoto, alikaa. Hakuwahi hata mara moja kuwa yeye wa kumkaribisha mtu mle ndani.

Jumapili moja wifi huyo alipapasa kochi refu lililokuwa chini ya dirisha, mkono ukitembea polepole kama anayepapasa mgongo wa mtoto. "Hapa ndipo alipolala hadi mwisho," alisema. "Hakutaka kukaa chumbani. Alitaka aone mlango." Akashusha pumzi. "Sikutishi, wifi. Lakini nyumba hii ina mwenyewe."

Pindo akaenda kuleta chai. Tangu siku hiyo hakulikalia kochi lile.

Pindo halikuwa jina alilopewa na mama yake. Lilitoka kiwandani, kwenye kiwanda cha sare ambako kwa miaka mingi alishona pindo za suruali: wengine wanashona mifuko, wengine zipu, yeye pindo, asubuhi mpaka jioni, pindo na pindo. Alijivunia kazi hiyo. Siku ya kuolewa, ndugu za mume walipomtazama juu chini wakijiuliza amefuata nini, alisema maneno ambayo kwake yalikuwa hotuba ndefu: "Mimi nina kazi yangu. Sikuja kuwa mzigo kwa mtu." Wifi alikuwepo. Wifi alisikia, na wifi hakuwa mtu wa kusahau.

Basi ilipokuja mashine inayokunja pindo yenyewe, na msimamizi akamwita kando na kumpa mkono wa kwaheri, Pindo aliona jambo moja tu mbele yake: uso wa wifi. Hakumwambia mumewe. Kesho yake alivaa kama kawaida, akachukua mkoba, akatoka na Fundi mpaka njia panda, wakaagana. Fundi akashika njia ya kazini. Pindo akazunguka mtaa wa nyuma, akapita uchochoro wa mafundi viatu, akarudi nyumbani kwake kwa mlango wa jikoni, ananyata kama kibaka.

Ukisikia mtu amekufa na tai shingoni ndiko huko. Hakufungua mapazia, jirani asije akaona. Hakupika, harufu isije ikatoka nje. Bomba alilifungua maji yatoke membamba kama uzi. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akirudiarudia kushona nguo ambazo hazikuwa zimechanika, akingoja jioni ifike ili atoke tena kwa nyuma na kurudi kwa mbele, amechoka kwa kazi asiyoifanya.

Na asubuhi ile ya kwanza kabisa, watu wakiwa kwenye chai makazini, akasikia kitu sebuleni.

Kwanza ulikuwa mvumo, mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Kisha gitaa. Kisha sauti ya mwanamke, ya zamani, inaimba taratibu juu ya mtu aliyechelewa kurudi. Sindano ikamtoka Pindo mkononi. Alisimama kwenye mlango wa sebule na kuchungulia. Mle ndani kulikuwa na giza la mapazia na hapakuwa na mtu. Kile kidude kilikuwa kimebadilika taa. Nyeupe imekuwa kijani. Spika zilikuwa zinaimba zenyewe, zimelielekea kochi la chini ya dirisha.

Ulipokwisha wimbo wa kwanza ukaja wa pili, wa dansi, tarumbeta tele. Ukaja wa tatu, wa kitoto kabisa, wa kubembeleza. Kisha taa ikarudi kuwa nyeupe na nyumba ikanyamaza. Pindo alirudi jikoni kinyumenyume. Akakaa sakafuni, akisikiliza kama utakuja wa nne.

Siku ya pili ilikuwa vilevile. Na ya tatu. Saa ileile ya chai, taa ya kijani, gitaa, tarumbeta, wimbo wa kubembeleza. Siku moja alipiga moyo konde, akaingia na kuzungusha kile kitufe kikubwa cha duara cha amplifaya mpaka sauti ikazama kabisa. Lakini taa ya kijani iliendelea kuwaka, na kujua kwamba wimbo unaimbwa bila kusikika kulimtisha zaidi. Akairudisha sauti pale ilipokuwa, akakimbilia jikoni.

Angemuuliza nani? Akimuuliza Fundi, swali la kwanza litakuwa yeye alikuwa wapi saa hiyo. Alijaribu kwa kuzunguka. Wakati wa kula jioni alisema, kama mtu anayetafuta tu la kusema, "Redio ile inaweza kujipiga yenyewe?"

Kijiko cha Fundi kikasimama hewani. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Haiwezi," alisema Fundi. Akakirudisha kijiko kwenye sahani, na hakula tena.

Pindo alilala na jibu hilo. Alijua simu ndiyo iliyoamuru muziki. Pia alijua, kwa jinsi alivyoelewa, kwamba simu yenyewe lazima iwe karibu: kiwandani walikuwa na spika ndogo ya kuungwa na simu, na mwenye simu akitoka nayo hadi getini, muziki ulikatika. Sasa Fundi yuko kazini na simu yake. Simu ya Pindo iko mfukoni mwa Pindo. Ni simu gani nyingine iliyo ndani ya nyumba hii?

Jumapili alimuuliza wifi, akijifanya hamnazo, simu ya marehemu ilikwenda wapi.

"Iko droo ya chini, chumbani, imefunikwa na vitambaa vyake," alisema wifi. "Ndiyo iliyokuwa ikiendesha redio hiyo. Mchana kutwa muziki. Kwa nini unaulizia simu ya marehemu, wifi?"

"Basi tu."

Wifi akasogeza kiti karibu. "Wewe unaona vitu humu ndani," alisema, na hakuwa anauliza.

Pindo aliikuta simu pale ilipotajwa, kioo kimepasuka pembeni, baridi, imezima kabisa. Aliibonyeza kila mahali. Aliiweka sikioni, sijui alitegemea kusikia nini. Asubuhi iliyofuata aliileta sebuleni, akakaa nayo mapajani kwenye kiti cha mbali, ili ahakikishe. Simu iliyokufa ikalala mapajani mwake kama jiwe. Na saa ya chai ilipofika, taa ikawa kijani, na yule mwanamke akaanza kuimba juu ya mtu aliyechelewa kurudi.

Sasa hapakuwa na la kujidanganya. Nyumba ilikuwa na mwenyewe.

Ni ajabu jinsi mwanadamu anavyozoea. Hofu ikikaa na wewe kila siku, mwisho unaipisha njia mlangoni. Pindo alianza kupangusa vumbi sebuleni kabla ya saa ile, kama anayetegemea mgeni. Alianza kusalimia. "Shikamoo, dada," alisema kwa sauti ya chini kila taa ilipogeuka, kwa sababu marehemu alikuwa mkubwa kwake na alitangulia kuingia katika nyumba hiyo. Aliujua wimbo wa kwanza mpaka mahali mpiga gitaa anapochelewa kidogo. Na kadiri hofu ilivyopungua, pakaingia kitu kibaya kuliko hofu. Aliona wivu. Alimwonea wivu maiti. Chiriku alikuwa na nyimbo, alikuwa na kochi, alikuwa na wifi anayempapasia mto. Pindo alikuwa na kigoda jikoni.

"Unataka nini?" alimuuliza asubuhi moja, wimbo wa kubembeleza ukiendelea. "Ukitaka nitoke, sema. Si ulikuwa msemaji wewe?"

Ule wimbo ukaendelea kubembeleza. Hasira ikampanda. Akaliendea lile kochi kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, akaigeuza mito yake, akaikung'uta kwa nguvu, akitafuta sijui nini, labda mtu. Hapo ndipo macho yake ya ushonaji yalipoona kitu ambacho wewe na mimi tusingekiona. Kitambaa cha ubavuni mwa kochi, upande wa ukutani, kilikuwa na mshono usio wa kiwandani.

Alipiga magoti. Ulikuwa mfuko, umekatwa kutoka kwenye kitambaa cha kichwa na kushonwa kwa mkono pale ambapo mtu aliyelala angeufikia bila kunyanyuka. Pindo alipitisha kidole kwenye mshono, na mshono ukamsimulia. Aliyeshona alijua kushona. Alianzia kushoto, vipigo vidogo, vimebana, vimelingana. Katikati vipigo vikaanza kurefuka. Vilipokaribia mwisho vilikuwa virefu, vimelegea, vinayumba, vya mkono usioweza tena kubana uzi, na fundo la mwisho halikukazwa, liliachwa tu. Pindo aliyekuja na hasira akajikuta analia. Miaka yote aliyokaa na sindano hakuwahi kuona mtu akiisha hivyo ndani ya mshono mmoja.

Ndani ya mfuko kulikuwa na rimoti ndogo, nyembamba. Vitufe vyake vyote vilikuwa vipya, vyeusi, isipokuwa kimoja. Kile cha kuongeza sauti kilikuwa kimechakaa, alama yake imefutika, plastiki imekuwa nyeupe na kubonyea kwa umbo la kidole gumba. Cha kupunguza, kilichokuwa chini yake, hakikuwa na hata mkwaruzo.

Alikaa kwenye kochi, rimoti mkononi. Wimbo wa kubembeleza ulikuwa bado unaendelea. Kidole chake kikaingia kwenye kile kishimo, na akabonyeza. Sauti ikapanda kidogo. Akabonyeza tena. Ikapanda.

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Pindo akageukia kile kidude. Taa ilikuwa bado kijani. Kimya kile kilikuwa cha mtu aliyeshtuka, aliyeacha kusema ili asikilize. Kisha wimbo ukaanza upya, tangu mwanzo, polepole, kama swali. Na Pindo, asijue kwa nini, labda kwa kuwa alikuwa ameulizwa, akabonyeza tena.

Muziki ukazimika. Haukurudi.

Alikuwa bado amekaa palepale aliposikia vishindo vya mtu anayekimbia barabarani. Lango likagongwa ukutani. Funguo zikaanguka, zikaokotwa, zikaanguka tena. Mlango ukafunguka kwa nguvu.

"Chiriku!"

Fundi alisimama mlangoni, kofia ngumu ya kazini bado kichwani, ovaroli imelowa jasho, simu ameishika kifuani kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo Pindo hakuwahi kuiona, hata siku ya harusi. Ilikaa pale kufumba na kufumbua. Kisha macho yake yakazoea giza, akamwona aliyekaa kwenye kochi ni nani, na furaha ikazimika. Pindo aliiona ikizimika. Afadhali angempiga kofi.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe?"

"Mimi. Mkeo."

Fundi alihema. "Unafanya nini nyumbani saa hizi?"

"Na wewe je?"

Wakatazamana, wezi wawili waliokutana ndani ya nyumba moja. Fundi ndiye aliyeanza kukubali. Aliegemea ukuta, akateleza nao mpaka sakafuni, kofia ikamtoka na kubingirika chini ya meza.

"Nimeacha lifti wazi ghorofa ya juu," alisema, kama vile hilo ndilo lililokuwa na maana. "Nimeweka tu ubao, watu wasiingie. Nimekuja mbio."

"Kwa sababu ya hii?" Pindo akamwonyesha rimoti.

Fundi akainyooshea mkono, asiiguse. "Nilidhani ilipotea," alisema. "Niliitafuta kila mahali."

Kisha akamwaga yote. Ugonjwa ulimshika Chiriku kooni. Yeye, mtu wa maneno, sauti ikaanza kukwaruza, ikawa mnong'ono, ikaisha. Kuandika ujumbe alikataa. Alisema kwa mikono kwamba maneno ya kuandikwa ni ya serikali. Fundi akanunua kile kidude, akakiunga na amplifaya ya zamani. Kila siku saa ya chai, akiwa kwenye chumba cha mashine juu ya paa la jengo lolote lile, alikaa juu ya boksi la vifaa na kumtumia nyimbo kwa simu. Umbali haukuwa na neno, mradi simu na kidude vilitumia akaunti moja kwenye intaneti.

"Na yeye angenijibuje? Hana sauti. Basi alibonyeza kuongeza. Akibonyeza, kwenye simu yangu ile alama ya sauti inapanda yenyewe. Naiona inapanda. Najua yupo, amenisikia." Fundi alipangusa uso kwa kiganja chenye grisi, akajipaka. "Ukipunguza kwenye amplifaya mimi sioni kitu. Ni rimoti hiyo tu."

"Na bado unamtumia."

"Nyumba si inakuwa tupu? Nilijua hakuna wa kusumbuliwa, uko kiwandani. Sikuwa na nia mbaya, mke wangu. Ni mazoea. Natuma, naangalia alama, haipandi, nakunywa chai yangu, narudi kazini."

Akaigeuzageuza simu mikononi. Pindo aliona bado kuna kitu hajakisema.

"Kuna siku nilituma, alama haikupanda," alisema Fundi. "Nikasema amelala. Nikatuma wa pili. Nikasema amelala tu. Lifti ilikuwa mbovu, watu wananipigia kelele. Nikamaliza kazi. Nikaja jioni." Alikuwa akilitazama kochi. "Siku ile haikupanda, sikukimbia. Leo imepanda."

Akauficha uso magotini. Pindo alishuka kwenye kochi akakaa sakafuni karibu naye, kwa sababu hakuna mwenye moyo angebaki juu. Alitaka kukasirika na alikuwa na haki yote, lakini ile hasira ilikataa kusimama. Badala yake na yeye akamwaga yake: mashine ya pindo, mkono wa msimamizi, uchochoro wa mafundi viatu, kigoda. Fundi alisikiliza mdomo wazi.

"Kila siku umekuwa humu? Umesikia zote?"

"Zote. Nilikuwa nasalimia."

Fundi alicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, na Pindo akamwacha alie. Alipotulia, alimuuliza lile lililokuwa likimchoma.

"Umemwambia kwamba nipo?"

"Nani?"

"Unayemtumia nyimbo. Unamwamkia kila siku. Umemwambia umeoa?"

Fundi akainamisha kichwa. "Sikuweza."

"Kwa hiyo kwa dada yako mimi ni mgeni, na kwa huyu mimi sipo kabisa."

Fundi alinyanyuka ghafla, akaishika waya ya kile kidude. "Naking'oa sasa hivi. Naapa, naking'oa."

"Acha."

"Lakini unateseka."

"Ukiking'oa, utaniangalia kila siku kama mtu aliyekunyang'anya kitu. Kiache." Pindo hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo, na aliona ni rahisi kuliko alivyodhani. "Ila kesho ukituma, ujue kuna mtu anasikiliza. Na mtu huyo si yeye. Sasa nenda kafunge lifti yako kabla hujamuua mtu."

Kesho yake Pindo alifungua mapazia yote. Alimsindikiza mumewe mpaka langoni bila mkoba, jirani akaona, akashangaa. Aliwasha jiko asubuhi peupe. Kisha akakaa kwenye kochi, katikati kabisa, akangoja.

Taa ikawa kijani. Haukuja ule wa gitaa wala wa tarumbeta. Ulikuja wimbo ambao Fundi huuimba puani akinyoa ndevu, anaokosea katikati kila siku na kurudi mwanzo. Pindo hakuwahi kuusikia ukifika mwisho. Kumbe una mwisho mzuri. Kidole chake kikaenda kwenye kitufe kilichochakaa, kikaingia kwenye kishimo, na kikasita. Kishimo kile kilikuwa cha kidole cha mtu mwingine. Akashuka kwenye kile cha chini yake, kile kipya, kigumu, ambacho hakijawahi kuguswa, akabonyeza mara moja. Sauti ikashuka kidogo. Basi. Huko juu ya paa la jengo Fundi atajua ni nani.

Baada ya kitambo kidogo sauti ikapanda tena, pale ilipokuwa. Pindo akatabasamu. Fundi naye, na utani wake.

Jioni Fundi aliingia akicheka kabla hata ya salamu. "Nimeiona! Imeshuka. Nikacheka peke yangu kule juu kama kichaa. Halafu ukaipandisha tena."

"Sikuipandisha. Ni wewe."

"Mimi?" Fundi akavua kofia. "Mimi nilikuwa nimeshika chai mikono yote miwili. Simu ilikuwa juu ya boksi. Nimeiona inapanda kwa macho yangu."

"Nilibonyeza mara moja tu. Kupunguza. Halafu nikairudisha rimoti mfukoni mwake." Pindo alionyesha ubavu wa kochi.

Wote wawili wakalitazama kochi. Fundi, ambaye maisha yake yote alikuwa na maelezo ya kila kitu kinachopanda na kushuka, safari hii alichukua taulo tu. Akaenda kuoga. Pindo akachukua sindano, akapiga magoti, akalikaza lile fundo la mwisho lililoachwa bila kukazwa. Vipigo vilivyolegea hakuvigusa.

Asubuhi iliyofuata saa ya chai, jua lilikuwa limejaa sebuleni. Taa ikageuka kijani, spika zikavuta pumzi.

"Karibu, dada," alisema Pindo, mwenye nyumba. "Karibu ukae."

Akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja.